Buti la Gari na Sauti ya Geoffrey Oryema

Geoffrey Oryema alivuka mpaka wa Uganda na Kenya mwaka 1977 akiwa amejikunja ndani ya buti la gari. Hakuwa ametimiza hata miaka 25. Buti la gari halina nafasi ya ngoma, wala ya waitikiaji, wala ya wachezaji wenye njuga miguuni. Kilichopita mpakani ni mtu na koo lake. Muziki alioufanya Ulaya kwa miaka 40 iliyofuata, ule uliompa jina Ufaransa na Uingereza, unaelezeka kwa sehemu kubwa na jambo hilo moja: ni muziki wa mtu aliyeondoka bila wenzake.

Alizaliwa Soroti, mashariki mwa Uganda, Aprili 1953, lakini kwao ni Anaka, kijiji cha Waacholi upande wa kaskazini, mbele ya mto Nile. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa askari polisi, na mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, mzee Oryema alitolewa polisi akapewa uwaziri. Mama yake aliwahi kuongoza Heartbeat of Africa, kikundi cha taifa cha ngoma. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba yenye mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai chumba kimoja: dola na ngoma.

Mzee Oryema, pamoja na magwanda yake, alikuwa mpigaji wa nanga, na mwanawe aliifahamu ala hiyo mikononi mwa baba. Nanga ya Kiacholi ni ubao uliochongwa mithili ya sinia refu au mtumbwi mdogo, ukapitishwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi saba. Mpigaji huilaza mapajani au chini mbele yake akadonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake si kubwa. Haishindani na kelele za soko. Inataka watu wakae karibu na wanyamaze. Msikilizaji wa Lamadi, mji wa Tanzania kando ya Ziwa Victoria, hana haja ya kwenda Anaka kuifahamu, kwa sababu ndugu ya ala hiyo yuko upande wa pili wa ziwa hilo hilo. Wahaya wa Kagera wanaiita enanga, na ndiyo iliyobeba tendi zao ndefu za mashujaa, zile ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti wa udaktari wake miaka ya 1980. Ukienda kaskazini kwa barabara ya lami kutoka Lamadi, ukapita Bunda na njia panda ya Musoma hadi Rorya, utakutana na Wajaluo, ambao lugha yao na Kiacholi ni matawi ya mti mmoja. Muziki wa Oryema, basi, umetoka jirani, ingawa kwa wengi wa pande hizo ulifika, kama ulifika, kwa kuzungukia Paris.

Ala yake ya pili ilikuwa lukeme. Hiki ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vilivyopondwa vikawa bapa, vikabanwa kwenye daraja dogo, kila kimoja kikiwa na urefu wake. Hushikwa kwa viganja viwili, na vidole gumba ndivyo vinavyofanya kazi. Wagogo wa Dodoma wanayo ya aina hiyo na wanaiita ilimba. Lukeme ilikuwa rafiki wa wapita njia, kwa kuwa mtu anaweza kuipiga huku anatembea. Kati ya ala zote za Kiacholi, hii ndiyo inayofaa uhamishoni kuliko nyingine.

Kijana Oryema hakuanza kama mwimbaji. Alisomea uigizaji mjini Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanzisha kundi la maigizo lililoitwa Theatre Limited. Kazi yao ilikuwa kuchanganya hadithi, ngoma na mwili wa Kiafrika na mbinu za maigizo ya kubuni papo kwa papo zilizokuwa zikivuma Ulaya wakati huo. Mafunzo hayo hayakupotea. Miaka mingi baadaye, waliomwona jukwaani walishangazwa na namna alivyosimama: mtu mrefu, ametulia, hana haraka ya kujaza ukimya. Hiyo ni adabu ya mwigizaji, na wanamuziki wengi hawana.

Februari 16, 1977, baba yake aliuawa. Siku hiyo walikamatwa watu watatu mjini Kampala baada ya kutuhumiwa hadharani kwamba walikuwa wanapanga kumpindua Amin: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, waziri Charles Oboth Ofumbi, na waziri Erinayo Oryema. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Karibu hakuna aliyeamini, na miili ilikuwa na matundu ya risasi. Kuanzia hapo, jina la Oryema ndani ya Uganda likawa hati ya kifo kwa yeyote aliyekuwa nalo. Ndipo likapatikana gari, na ndani ya gari likapatikana buti.

Kutoka Kenya alikwenda Ufaransa, na Paris ikawa kituo chake. Hapa wasifu wa wasanii kwa kawaida huruka haraka hadi kwenye mafanikio, lakini hesabu ya miaka inapaswa kusemwa polepole: kutoka kufika kwake mpaka kutoka kwa albamu ya kwanza ilipita miaka 13. Paris ya wakati huo ilikuwa na muziki wa Kiafrika kwa wingi. Wakongo walikuwa wanarekodi rumba na soukous, Wamali na Wasenegali walikuwa na kumbi zao, na lugha ya Kifaransa iliwapa wote mahali pa kuanzia. Mwacholi alikuwa hana hayo. Nchi yake haikutawaliwa na Wafaransa, watu wa kabila lake mjini hapo walikuwa wa kuhesabu, na muziki wake haukuwa wa kuchezwa kumbini. Kijana wa Kinshasa aliyefika Paris na gitaa alikuta bendi inamsubiri, lakini kijana wa Anaka ilimbidi aanze mwenyewe.

Mlango ulifunguka upande wa Uingereza. Mwaka 1989 mwanamuziki Peter Gabriel alianzisha lebo ya Real World, akaiweka studio yake katika kijiji cha Box, kaunti ya Wiltshire, ndani ya kinu cha zamani kilichokuwa kikiendeshwa kwa maji. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waasisi wa tamasha la WOMAD, lililokuwa tangu 1982 likiwakusanya wanamuziki wa mabara yote jukwaa moja. Na mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya London, wakakubaliana kwamba bidhaa zote hizo ziwekwe kwenye rafu moja madukani, chini ya jina la muziki wa dunia. Jina hilo halikutungwa na mwanamuziki. Lilitungwa na wauzaji waliotaka mteja ajue aelekee rafu ipi, na limekuwa likilalamikiwa tangu siku hiyo hadi leo. Hata hivyo, bila rafu hiyo Oryema asingesikika.

Watanzania nao walipita Box. Remmy Ongala na Super Matimila walitoa albamu mbili kwa lebo hiyo, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyekuwa akiishi na kufundisha Bagamoyo, alitoa Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002. Tofauti yao na Oryema ndiyo inayosaidia kumwelewa. Remmy alikwenda Ulaya akaimba, akapanda ndege akarudi Sinza kwa watu wake, na wiki iliyofuata yuko jukwaani mbele ya wanaojua kila neno. Hukwe alikwenda na jamaa zake wa ukoo, wakapiga marimba zao kwa pamoja kama wapigavyo nyumbani. Kwa wote wawili Ulaya ilikuwa safari. Kwa Oryema Ulaya ilikuwa makazi, na nyumbani ndiko kulikogeuka kuwa mahali pa kufikirika.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1990 na jina lake halikuficha kitu: Exile, yaani uhamisho. Mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, Mwingereza ambaye muda mfupi kabla alikuwa ameshiriki kutayarisha The Joshua Tree ya kundi la U2. Eno anajulikana kwa muziki wa utulivu, wa sauti ndefu za kinanda zinazotandazwa nyuma kama ukungu wa alfajiri juu ya maji. Mtu angeweza kuogopa kwamba ukungu huo utaimeza lukeme. Haikuwa hivyo. Sikiliza kwa makini: gitaa linadonolewa kwa namna ya nanga, vijiti vya chuma vinasikika vikiguswa kimoja kimoja, na juu yake sauti nzito ya kiume inayoweza ghafla kupanda hadi juu kabisa, nyembamba, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Nafasi kati ya noti na noti imeachwa wazi. Mara nyingi mwimbaji anajiitikia mwenyewe, sauti yake ikiwa imerekodiwa mara mbili au tatu.

Jambo hilo la kujiitikia halipaswi kupitwa. Katika ngoma za Usukumani, manju, yaani kiongozi wa ngoma, asiye na kundi si manju. Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma za huko, wanashindana kwa wingi wa watu na ukali wa waitikiaji, na uwanja ndio unaoamua nani kashinda. Kwa Waacholi ni vivyo hivyo. Ngoma yao ya vijana, larakaraka, huchezwa na vijana wengi wakiwa wameshika vibuyu vilivyokatwa nusu, wakivigonga kwa nyaya za spoku za baiskeli zilizofungwa pamoja, na vumbi hutimka. Sasa mtu aliyelelewa katika desturi hiyo anawekwa peke yake ndani ya chumba kisichopitisha sauti, kwenye kijiji cha Wiltshire, na anatakiwa aimbe. Mashine ya kurekodia ndiyo ikawa kundi lake. Kile ambacho wahakiki wa Ulaya walikiita upweke wenye uzuri kilikuwa na sababu rahisi sana: waitikiaji walibaki Anaka.

Anaka yenyewe imo ndani ya albamu hiyo, katika wimbo Land of Anaka, ambao umekuwa kati ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi. Ni wimbo wa polepole unaokitaja kijiji cha mababu kama mtu anavyotaja jina la marehemu. Makambo ni mwingine uliodumu. Oryema aliimba kwa Kiacholi na Kiswahili, baadaye Kiingereza na Kifaransa vikaongezeka. Kiswahili chake ni cha Mganda, hakina madaha ya pwani, lakini mtu wa Afrika Mashariki akikisikia katikati ya vinanda vya Eno anashtuka kidogo, kama aliyesikia jina lake likiitwa katika stesheni ya nchi asiyoijua.

Ufaransa ilimpokea kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1991 gazeti la muziki la Les Inrockuptibles liliandaa albamu ya heshima kwa Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, na Oryema akapewa wimbo mzito kuliko zote, Suzanne. Aliuimba kwa sauti yake ya chini. Tangu hapo waandishi wakambandika jina la Leonard Cohen wa Afrika. Walikusudia sifa, na labda liliuza tiketi, lakini jina la namna hiyo humfanya mtu kivuli cha mwingine. Hakuna aliyewahi kumwita Cohen Oryema wa Kanada. Kisha wimbo wake Yé Yé Yé ukachukuliwa kuwa muziki wa kufungulia Le Cercle de minuit, kipindi cha utamaduni kilichorushwa usiku na televisheni ya France 2 katika miaka ya 1990. Kwa miaka kadhaa Wafaransa wasiolala mapema walikuwa wanamsikia mara kwa mara, na wengi wao hawakujua ni nani anayeimba, wala kwamba ni Mganda. Hiyo ndiyo aina ya umaarufu aliyoipata: sauti iliingia kila sebule, jina likabaki mlangoni.

Albamu zilizofuata zilijaribu kumtoa kwenye ukimya. Beat the Border ya mwaka 1993 ina ngoma na gitaa la umeme zaidi, na hata jina lake lina ukaidi wa mtu anayeupiga mpaka teke. Night to Night ilifuata katikati ya miaka ya 1990, Spirit mwaka 2000, Words mwaka 2004, From the Heart mwaka 2010. Zote zina nyimbo nzuri. Hata hivyo si kosa kusema kwamba hakuna iliyofika pale Exile ilipofika. Kadiri bendi ilivyoongezeka nyuma yake, ndivyo alivyozidi kufanana na waimbaji wengine. Alikuwa na nguvu zaidi alipokuwa na vitu vichache.

Swali ambalo wasikilizaji huuliza ni kwa nini hakurudi mapema. Amin aliangushwa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, na wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka vita hiyo kwa sababu vijana wa kwao walikwenda. Lakini kuanguka kwa Amin hakukuleta utulivu kwa Waacholi. Serikali zilipishana, mapinduzi ya mwaka 1985 yakafuatwa na mabadiliko ya mwaka 1986, kisha vita ya kaskazini ikaanza na kundi la waasi la Lord's Resistance Army likaiwasha kwa karibu miaka 20. Watoto walitekwa wakafanywa askari. Watu waliondolewa vijijini wakarundikwa kambini, na Anaka, ile aliyokuwa akiiimba Ulaya kama nchi ya majani mabichi, ikawa na kambi ya wakimbizi wa ndani. Nyumbani hapakuwa pamemngoja kama alivyopaacha. Wakati wote huo alitumia majukwaa kuisemea vita hiyo, ambayo Ulaya kwa muda mrefu haikujali.

Julai 2, 2005 alipanda jukwaa ambalo linasema mengi kuhusu nafasi ya mwimbaji wa Kiafrika Ulaya. Siku hiyo yalifanyika matamasha ya Live 8, ya kudai umaskini wa Afrika ushughulikiwe. Tamasha kubwa lilikuwa Hyde Park, London, likiwa na nyota wa Uingereza na Marekani. Lawama zilipozuka kwamba tamasha la Afrika halina Waafrika, likaandaliwa jingine, Africa Calling, kwenye bustani za Eden Project huko Cornwall, kona ya mbali kusini magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko walikopangwa Youssou N'Dour, Thomas Mapfumo, Tinariwen, Maryam Mursal wa Somalia, Geoffrey Oryema, na Mjaluo mmoja kutoka Kenya, Ayub Ogada. Waliimba vizuri. Lakini mpangilio wenyewe ulikuwa kama harusi ambayo ndugu wa bwana harusi wamewekewa meza nje ya ukumbi.

Ayub Ogada anastahili kutajwa kando ya Oryema, maana wawili hao ni kama mashairi mawili ya vina sawa. Naye alipiga ala ya nyuzi ya watu wa ziwa, nyatiti. Naye aliimba peke yake, kwa sauti ya chini, kwa lugha ya Kijaluo. Alifika Uingereza miaka ya 1980 akawa akipiga nyatiti kwa wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi za London, hadi watu wa WOMAD walipomwona. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa na Real World mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ulitumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemfukuza Kenya. Alipochoka na Ulaya, alifungasha akarudi kwao.

Oryema alirudi Uganda Desemba 2016, karibu miaka 40 tangu alipotoka. Aliingia kwa mlango wa abiria, na aliimba Kampala mbele ya watu ambao wengi wao walizaliwa baada ya yeye kuondoka. Vijana waliokuwa ukumbini walikuwa wamemjua kwa intaneti. Wazee walikuwa wamemjua kwa jina la baba yake. Waitikiaji, waliokosekana tangu ile studio ya Box, safari hii walikuwepo, na walikuwa wanaelewa maneno bila kutafsiriwa.

Hakupata muda mrefu wa kuyafurahia marejeo hayo. Alifariki kwa saratani Juni 22, 2018, katika jimbo la Brittany, magharibi mwa Ufaransa, mahali pa pwani yenye mawe na mvua ambapo alikuwa akiishi miaka yake ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 65. Takriban miezi saba baadaye, Februari 1, 2019, Ayub Ogada naye alifariki, Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, mji ulio kwenye mwambao wa ziwa lile lile linaloonekana kutoka Lamadi.